Jina Chanel (Shaneli) kwa mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Mwanza

Kazi yangu ni kudarizi. Mama akijifungua, au siku ya ubatizo au akika ikikaribia, analeta blanketi, shali au kigauni, nami nalitia jina la mtoto kwa uzi. Meza yangu iko jirani na Makoroboi, katikati ya jiji, na kwa miaka kadhaa sasa jina moja linarudi mezani kwa tahajia za kila namna: Chanel, Shanel, Shaneli, Shanelle, Chanell. Binti yangu wa kwanza naye ni Shaneli, ndiyo maana wateja wananiuliza mimi. Nimeyakusanya maswali yao hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu wakiwa wamekaa kwenye benchi langu wakisubiri.

Jina hili maana yake nini?

Mfereji. Najua wengi mlitarajia niseme "mrembo" au "mwenye harufu nzuri", na kuna orodha za majina mitandaoni zinazosema hivyo, lakini hayo ni mambo ya manukato, si maana ya neno. Katika Kifaransa cha zamani, chanel ni mfereji au mkondo wa maji, nalo lilitoka kwenye neno la Kilatini canalis. Watu waliokaa kando ya mfereji waliitwa hivyo, kama sisi tunavyosema "fulani wa mtoni", na kwa vizazi likawa jina la ukoo. Neno hilohilo liliingia Kiingereza, na kutoka huko ndipo tulipopata chaneli ya televisheni. Kwa hiyo watoto wa shule wakimtania, "Wewe chaneli gani?", wanagusa ukweli bila kujua: chaneli na Shaneli ni ndugu wa tumbo moja.

Mimi maana hii naipenda kuliko ya manukato. Sisi ni watu wa maji. Aliyekulia Igombe au Ukerewe anajua thamani ya njia ya maji, na mkulima wa mpunga wa Magu anajua kwamba mfereji ukiziba, msimu umekwenda. Mtoto anayepitisha maji kwa wenzake ana jina zito.

Linatamkwaje?

Sha-NE-li. Wafaransa wanasema "Shanèl" na kukaza sauti mwishoni. Sisi tunaongeza "i" kwa kawaida ya lugha yetu, na kwa kuwa Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo unabaki palepale wanapouweka wao. Wanaosema "Chaneli", kwa "ch" ya chai, wamesoma herufi kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, hawana kosa. Bibi wa Kisukuma hatapata taabu hata kidogo, maana "sh" anayo tangu zamani: Shija, Shinyanga.

Niandike Chanel, Shanel au Shaneli?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana limenigharimu.

Nilipojifungua binti yangu, karani wa kituo aliniuliza jina nikiwa bado na maumivu. Nikatamka. Akaandika alivyosikia, akanipa tangazo la kizazi, ile karatasi ya kituo ya kuombea cheti cha kuzaliwa, nikalikunja nikaliweka kwenye mkoba wa nepi. Sikulisoma. Miaka ilipita. Kadi ya kliniki iliandikwa Shaneli, cheti cha ubatizo Shaneli, blanketi lake nililolidarizi mwenyewe Shaneli. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza ndipo nilipofunua cheti cha kuzaliwa na kukuta "Channel", kwa n mbili, kama chaneli ya televisheni. Nikaanza safari ya kiapo kwa wakili, nakala za vyeti, foleni, rudi kesho. Kosa la herufi mbili tatu lilinila nauli na siku za kazi ambazo sitazipata tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagueni tahajia moja mkiwa nyumbani, iandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, karatasi hiyo ikae ndani ya kadi ya kliniki. Siku ya kujifungua aliyekusindikiza amwonyeshe karani. Msilitamke, onyesheni. Kisha someni tangazo herufi kwa herufi kabla hamjatoka mlangoni. Kwa watoto chini ya miaka mitano cheti hutolewa bila malipo kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, na mara nyingi hujazwa kwa mkono palepale, kwa hiyo ni rahisi kupata jina sahihi na ni rahisi vilevile kupata kosa. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Msingoje shule.

Kati ya tahajia hizo, kwa mtoto atakayesoma na kuishi hapa, mimi napendelea Shaneli. Mwalimu akiliona analitamka sawa mara ya kwanza, na karani akilisikia analiandika sawa mara ya kwanza. Ukipenda Chanel kwa sababu ya asili yake, sawa, ila jiandae kulitaja herufi kwa herufi maisha yako yote, na mtoto naye baada yako.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Mwanamke aliyelifanya jina hili lijulikane duniani, Gabrielle Chanel, aliandikwa "Chasnel" kwenye daftari la vizazi mwaka 1883, kwa "s" iliyoingia isipotakiwa. Baba hakuwepo, mama alikuwa bado hana nguvu za kufika ofisini, na aliyeandika akaandika. Hata mji wetu, wazee wanasimulia kwamba Mwanza ni "Nyanza" iliyowashinda wageni kutamka.

Huyo Chanel mwenyewe alikuwa nani?

Wateja wengi wanajua chupa na mkoba wenye herufi C mbili zilizopeana mgongo. Mtu mwenyewe hawamjui, na kisa chake kinafanana na visa vya mtaani kwetu kuliko mnavyodhani.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1883 katika mji wa Saumur, Ufaransa. Mama yake, Jeanne, alikuwa dobi. Baba yake, Albert, alikuwa mmachinga hasa: alizunguka kwenye minada na masoko akiuza nguo za kazi na nguo za ndani. Nikifika hapo kwenye simulizi, kinamama wanageuka kutazama barabara ya Makoroboi na kucheka, kwa sababu baba wa namna hiyo wanamwona kila siku. Gabrielle akiwa na miaka 11 mama alifariki, baba akawapeleka mabinti kwenye nyumba ya watoto yatima ya masista huko Aubazine. Huko ndiko alikojifunzia kushona.

Alianza na kofia. Mwaka 1910 alifungua duka la kofia Paris, mtaa wa rue Cambon. Baadaye akashona nguo za jezi, kitambaa laini kilichokuwa kikitumika sana kwa nguo za ndani za wanaume, akawavalisha matajiri wanawake. Kwa fundi, huo ni ujasiri mkubwa: kuchukua kitambaa kinachodharauliwa na kukipa mkato mzuri. Manukato yake ya Chanel No. 5 yalitoka mwaka 1921, gauni fupi jeusi lililomtangaza likachorwa kwenye jarida la Vogue mwaka 1926, na mkoba wenye mnyororo ukatoka Februari 1955. Alifariki Paris tarehe 10 Januari 1971.

"Coco" halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilipata ujanani alipokuwa akiimba kwenye kumbi za mji wa Moulins.

Nimesikia ana historia mbaya ya wakati wa vita. Ni kweli?

Ni kweli. Wajerumani walipoikalia Paris katika Vita Kuu ya Pili, aliishi hoteli ya Ritz na alikuwa na uhusiano na ofisa wa Kijerumani, Hans Günther von Dincklage. Mwaka 1941 alijaribu kutumia sheria za kuwanyang'anya Wayahudi mali ili aichukue kampuni ya manukato kutoka kwa washirika wake, ndugu wa ukoo wa Wertheimer. Hakufanikiwa, na mpaka leo kampuni ni ya ukoo huo.

Siwafichi wateja jambo hili. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu baada ya kulisikia, halafu akaniambia nidarizi jina la bibi yake badala yake. Nilimheshimu. Mimi mwenyewe nimebaki na jina la binti yangu kwa sababu jina la ukoo si la mtu mmoja, na kwa sababu ya mtu mwingine aliyelibeba kabla, nitakayemtaja sasa hivi.

Sisi ni Wakatoliki. Padre atakubali? Kuna mtakatifu mwenye jina hili?

Yupo! Hili ndilo jibu ninalopenda kulitoa kuliko yote. Mtakatifu Petro Chanel, padre wa shirika la Wamaristi, alizaliwa Ufaransa mwaka 1803, akaenda kuhubiri kwenye kisiwa cha Futuna katika Bahari ya Pasifiki, akauawa huko tarehe 28 Aprili 1841. Papa Pius wa 12 alimtangaza mtakatifu mwaka 1954, na sikukuu yake ni tarehe 28 Aprili. Ni shahidi wa kwanza wa visiwa vile, yaani wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani, na ni mtakatifu msimamizi wa Oceania.

Kuhusu padre, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo geni kwa roho ya Kikristo. Haisemi lazima liwe la mtakatifu. Lakini ukimtajia katekista Petro Chanel na tarehe yake, mazungumzo huwa yanaishia hapo, na mtoto anapata siku ya somo wake ya kuadhimisha. Mimi nilimwekea binti yangu msalaba mdogo na "28 Aprili" kwenye pindo la shali yake, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Huwezi kuuona mpaka uinamishe kitambaa kwenye mwanga.

Na sisi Waislamu?

Kinachosisitizwa ni jina liwe na maana njema, na mfereji wa maji hauna ubaya. Wateja wangu wengi Waislamu, siku ya saba kwenye akika, humpa mtoto jina la Kiarabu, na Shaneli likabaki la nyumbani. Muulizeni sheikh wenu, mkimwambia maana halisi na si habari za manukato.

Ni jina la kike tu?

Hapa kwetu ndiyo. Lakini kwenye visiwa vya Pasifiki, kwa heshima ya yule mtakatifu, wanaume nao huitwa Chanel. Yuko mchezaji wa raga wa New Zealand mwenye asili ya Samoa, Chanel Harris-Tavita, dume kabisa.

Jina hili limeenea kiasi gani?

Marekani lilishika kasi kama jina la kwanza la wasichana miaka ya 1980 na 1990, likazaa na wenzake Chanelle na Shanelle. Mwanamitindo Chanel Iman ni wa kizazi hicho. Afrika Kusini nako limezoeleka.

Kwa hapa, nawaambia ninachokiona kwenye daftari la oda. Nilipoanza kazi, majina ya ubatizo yalikuwa Neema, Editha, Veronika, Konsolata. Shaneli lilikuja kidogo kidogo, kwanza kutoka kwa kinamama wenye saluni na wauza nguo wa Mlango Mmoja, yaani watu wanaoshika nembo mikononi kila siku wakichambua mitumba. Halafu likapanda daladala likaenda Buhongwa, Kisesa, Usagara. Siku hizi linanifikia kutoka ng'ambo ya maji pia, Sengerema. Ukitaka jina ambalo mtoto hatalikuta darasani kwake, mjini hapa siwezi kukuhakikishia.

Bibi yake anataka jina la Kisukuma. Tufanyeje?

Mpeni bibi haki yake. Jina la Kisukuma linabeba habari: Kabula alizaliwa mvua ikinyesha, maana mbula ni mvua. Nyanzala alikuja wakati wa njaa. Kashinje alitanguliza miguu. Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Ukimwita mtoto jina hilo, umemwambia siku yake ya kwanza ilivyokuwa, na hakuna duka la Paris linaloweza kumwambia hivyo.

Tena mpangilio wa majina yetu unasaidia. Mtoto ana jina lake, la baba, na la babu au ukoo. Shaneli, kisha Masanja, kisha Mabula: linasomeka vizuri, na mizizi inaonekana. La nyumbani liwe la bibi.

Mama mkwe wangu aliposikia Shaneli alikaa kimya, akauliza maana. Nilipomwambia mfereji wa maji, akauliza tena, "Siku ile si ilinyesha?" Ilinyesha kweli, mvua ya kujaza mitaro yote ya Mabatini. Akamwita Kabula, na hajawahi kumwita vingine. Majina mawili, maji yaleyale. Binti anaitika kote kote.

Jambo jingine ambalo vijana wanalisahau: jina hili litakuwa lako pia. Kuanzia siku hiyo wewe ni Mama Shaneli, sokoni, kanisani, kwenye kikoba, msibani. Lijaribu mdomoni kabla hujaamua. Mwambie jirani akuite hivyo wiki nzima.

Si tunaiga Wazungu tu?

Swali la haki, na mara nyingi linaulizwa na baba. Ninamjibu hivi. Ziwa hili tunalokunywa maji yake lilipewa jina la malkia wa Uingereza na John Hanning Speke mwaka 1858, wakati wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza tangu enzi. Na ni wangapi nyumbani kwenu wanaitwa Viktoria? Jina likishaitwa na mama jioni mtoto arudi nyumbani, linakuwa la hapa.

Ninachokikataa ni mtoto kugeuzwa tangazo. Ukimpa jina kwa sababu mkoba huo hukuweza kuununua, atakuja kuuliza, na jibu hilo litamwumiza. Sisi wa kanda hii tuna fahari ya nguo yetu wenyewe. Pamba imelimwa Usukumani kwa vizazi, ikaitwa dhahabu nyeupe, ikasomesha watu. Mpaka leo mtu akivaa akapendeza tunasema amepiga pamba. Mwelezeni mtoto na hilo.

Kampuni ya Chanel inaweza kutushtaki?

Kwa jina la mtoto, hapana. Nembo ya biashara inalinda bidhaa na huduma. Shida huanza jina linapopanda kwenye bango la duka. Mwaka 2014, katika jimbo la Indiana, Marekani, kampuni hiyo ilimshtaki mama mwenye saluni iliyobeba jina lake mwenyewe la Chanel, na ikabidi aliache jina la saluni. Binti yako akija kufungua biashara, aanzie BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuuliza, na pengine Kabula likamfaa zaidi kwenye bango.

Na majina mengine ya mitindo, kama Dior na Armani?

Dior linapendwa na wazazi wa Geita, na sababu yao ninaielewa: kwa Kifaransa linasikika kama "ya dhahabu". Ni jina la ukoo la Christian Dior, mzaliwa wa Granville, aliyeonyesha mavazi ya kwanza ya nyumba yake ya mitindo Februari 1947. Fupi, lina herufi nne, linadariziwa haraka.

Armani ni jina la ukoo la Kiitalia, na hapa litasikika "Amani" kila siku ya Mungu. Kama unapenda Amani, andika Amani. Ni jina kamili tayari.

Na kama unachotafuta ni uzuri wa mavazi, Kiswahili kina Zari, uzi wa dhahabu wenyewe ninaoutumia, na kina Lulu, Johari. Nikilidarizi Zari kwa zari, mkono wangu unafurahi.

Kifupi cha Shaneli?

Neli. Au Shani, ambalo ni neno letu, jambo la ajabu na la kupendeza.

Unadarizi jina kabla mtoto hajazaliwa?

Hapana. Wengi wananiomba, hasa wakishaambiwa na kipimo kwamba ni wa kike. Nashona pindo, naweka maua pembeni, kona ya jina naiacha wazi. Mtoto akishafika, nileteeni tangazo la kizazi lenyewe, si ujumbe wa simu. Nitaliweka chini ya kitambaa nifuatishe herufi zilivyo. Ukileta asubuhi, jioni unalichukua.